Bukavu, Goma, Uvira: namna maveterani wa mpira wanavyoweza kujilinda na majeraha na kifo cha ghafla

Kila siku ya posho na kila siku ya Mungu asubuhi, kabla jua halijawa kali, viwanja vya Bukavu, Goma, Uvira, Bunia, Butembo na Lubumbashi vinajaa watu wazima waliovaa jezi. Ni walimu, wafanyabiashara, madereva, wachungaji, wafanyakazi wa Leta, hata waganga wa hospitali. Wengi wamepita miaka 40, wengine wamepita 60. Tumbo limeanza kutokea, mvi zimeanza kuonekana, lakini filimbi ikipigwa kila mmoja anataka kukimbia kama alivyokuwa akikimbia wakati wa masomo ya sekondari.

Hao ndio maveterani. Timu zao hazihusu mpira tu. Kila mwanamemba anatoa mchango wake, na komite inauweka katika mfuko. Mmoja akilazwa hospitalini, wenzake wanaenda kumwangalia na bahasha mkononi. Akifiwa, wanafika kwenye kilio wakivaa jezi ya timu. Katika miji ambamo watu wengi hawana bima ya afya, na ambamo vita vimetawanya jamaa nyingi, timu ya maveterani imekuwa kama jamaa ya pili.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo timu nyingi hazijalifikiria. Mfuko huo unafunguliwa siku ya hospitali na siku ya kilio. Ni mara chache sana unafunguliwa mapema, kwa kuzuia mtu asifike huko. Na mengi kati ya majeraha na vifo vinavyoogopwa uwanjani yana njia za kuzuiwa, tena njia zisizoomba franga nyingi.

Mpira wenyewe ni dawa

Inafaa kusema wazi tangu mwanzo: mpira si adui wa mtu mzima. Watafiti wa Denmark, wakiongozwa na profesa Peter Krustrup, wametumia miaka mingi kuchunguza faida ya mpira kwa watu wa kawaida wasiokuwa wachezaji wa kulipwa. Katika utafiti mmoja uliotolewa mwaka 2013, wanaume wa umri wa kati wenye shinikizo la damu, ile inayoitwa mitaani tension, walicheza mpira saa moja, mara 2 kwa juma, kwa muda wa miezi 6. Wastani wa tension yao ulishuka kutoka 151 juu ya 92 hadi 139 juu ya 84. Kwa wenzao waliopewa tu mashauri ya muganga, tension haikushuka kiasi hicho.

Huko huko Denmark, hata wanaume wanaotunzwa kwa kansa ya prostate wameingizwa katika mpira ili kulinda misuli na mifupa yao. Kwa hiyo yule mzee anayesema kwamba mpira unamfanya alale vizuri na kusahau matatizo ya juma nzima hajidanganyi. Kukimbia, kusimama, kugeuka na kukimbia tena kunatumikisha moyo, misuli na mifupa kwa wakati mmoja, na kucheka pamoja na wenzake kunamwondolea mawazo mazito.

Lakini wachezaji wale wa Denmark walicheza mara 2 kwa juma, miezi 6 mfululizo, chini ya macho ya watafiti waliowapima kabla ya kuanza. Hapo ndipo tofauti inapoanza na mambo yanavyoendeshwa katika viwanja vyetu vingi.

Siku sita za kukaa, siku moja ya kukimbia

Juma la veterani wengi linafanana. Kutoka siku ya kwanza hadi siku ya tano mtu anakaa: nyuma ya meza ya ofisi, ndani ya duka, kwenye usukani. Hata kwa mwendo wa dakika 10 anapanda pikipiki. Siku ya Mungu anafika uwanjani amechelewa, pengine jana yake alikuwa kwenye arusi au kilio na hakulala vizuri. Anafunga kamba za viatu haraka haraka, anaingia, na dakika chache baadaye anashindana mbio na mtu wa miaka 28.

Namna hiyo ya kufanya mazoezi ndiyo inayobeba hatari kubwa zaidi. Mwaka 1993, jarida la waganga la Marekani, New England Journal of Medicine, lilitoa utafiti uliofanywa juu ya wagonjwa zaidi ya 1,200 waliopatwa na shambulio la moyo. Kwa watu ambao kwa kawaida hawafanyi mazoezi, hatari ya kupatwa na shambulio wakati wa kujitumikisha kwa nguvu, au muda mfupi baadaye, ilipanda zaidi ya mara 100 kuliko wakati wa kutulia. Kwa wale wenye desturi ya mazoezi mazito mara 5 au zaidi kwa juma, ilipanda karibu mara 2 na nusu tu.

Hesabu hiyo haimaanishi kwamba kila anayekimbia ataanguka. Hatari ya saa moja ya mpira, peke yake, ni ndogo. Lakini inaonyesha nani anajiweka pabaya: ni yule asiyefanya kitu kwa siku sita, kisha siku ya saba anadai kwa moyo wake nguvu zote kwa mara moja.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa muda wa dakika 150 hadi 300 kwa juma. Na hilo haliombi uwanja wala jezi. Kutembea kwa miguu kwa haraka kidogo, dakika 30, siku 5 kwa juma, kunatosha kufikisha dakika 150. Kwa mkaaji wa Bukavu, kupanda vilima vya mji kwa miguu badala ya kupanda pikipiki ni mazoezi tosha. Kwa mtu aliyepita miaka 65, OMS inaongeza mazoezi ya kusimama imara na ya kutia misuli nguvu, mara 3 kwa juma, ili asianguke ovyo.

Moyo: kujua namba zako kabla ya filimbi

Wapenzi wa mpira wengi wanakumbuka tarehe 26 Juni 2003. Siku hiyo, katika uwanja wa Gerland mjini Lyon, Marc-Vivien Foé wa Cameroun alianguka peke yake katikati ya uwanja, dakika ya 72, wakati wa mechi ya nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia. Alikuwa na miaka 28. Uchunguzi ulionyesha kwamba msuli wa moyo wake ulikuwa umenenepa kupita kiasi, ugonjwa ambao mtu anaweza kuzaliwa nao.

Kwa kijana, kifo cha ghafla uwanjani mara nyingi kinatokana na ugonjwa wa namna hiyo. Kwa mtu aliyepita miaka 35, sababu kubwa ni nyingine: mishipa inayolisha moyo imeanza kuziba polepole, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu ya tension, sukari, sigara, mafuta mengi katika damu na kukosa mazoezi. Mtu anaweza kuishi na hali hiyo bila kusikia kitu chochote, hadi siku moyo unapoombwa kufanya kazi kubwa kuliko mishipa inavyoweza kuulisha.

Tension ndiyo ya kwanza kuchunguzwa, kwa sababu haina kelele. OMS inakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye tension hawajui kama wanayo. Tension iliyofika 140 juu ya 90 au zaidi, ikipimwa siku tofauti mtu akiwa ametulia, inaomba kufuatwa na muganga. Ikifika 180 juu ya 110, hiyo siku si ya kucheza. Mtu avue viatu, apumzike, na aende kituo cha afya. Na yule anayemeza dawa za tension asiache kuzimeza siku ya mechi kwa kudhani zitamlegeza. Kama zinamletea kizunguzungu, amwambie muganga, asijiamulie peke yake.

Mwenye ugonjwa wa sukari naye ana jambo la kuangalia. Akitumia insulini au vidonge fulani vya kushusha sukari, mbio za saa nzima zinaweza kushusha sukari kupita kiasi: anatetemeka, anatoka jasho baridi, anachanganyikiwa. Inafaa ale kitu kabla ya kucheza, abebe sukari au kinywaji chenye sukari, na wenzake wajue hali yake.

Kuna dalili nne ambazo hakuna veterani anayepaswa kuzificha: maumivu au uzito kifuani, hasa yanayopanda kwenye taya au kushuka kwenye mkono, kuishiwa pumzi kuliko kawaida, moyo kupiga ovyo ovyo, na kizunguzungu au kuzimia wakati wa mbio. Mara nyingi wanaume wanasema ni gesi ya tumbo, au ni uchovu, au ni chakula cha jana. Mwenye kuona moja ya dalili hizo atoke uwanjani mara moja, na asirudi kucheza kabla ya kuonwa na muganga. Vilevile mwenye homa ya malaria au mafua makali asicheze. Kutoka jasho hakuponyi homa, na moyo wa mtu mwenye homa tayari unafanya kazi ya ziada.

Hali ya mahali nayo inahesabika. Bukavu na Goma ziko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Mgeni aliyetoka Kindu au Kinshasa ataishiwa pumzi mapema, na asione haya kuomba kubadilishwa. Uvira na Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika, tatizo ni joto. Kadiri mtu anavyozeeka ndivyo mwili unavyochelewa kumwambia kwamba una kiu. Kwa hiyo maji yanywewe kabla ya mechi na katikati, bila kungoja koo likauke.

Mtu akianguka: dakika za kwanza ndizo zinazookoa

Tarehe 12 Juni 2021, mjini Copenhagen, Christian Eriksen wa Denmark alianguka peke yake katika mechi ya Euro dhidi ya Finland. Moyo wake ulikuwa umesimama. Lakini waliokuwa karibu walianza mara moja kukandamiza kifua chake, na mashine ya kushtua moyo ikatumiwa pale pale uwanjani. Eriksen alipona, akawekewa kifaa ndani ya kifua, na mwanzoni mwa mwaka 2022 alirudi kucheza. Kilichomwokoa si hospitali kubwa. Ni watu waliojua la kufanya kabla ya hospitali.

Katika viwanja vyetu mashine hiyo haipatikani, na ambulansi inaweza kukawia au kukosa kabisa. Hiyo ndiyo sababu mikono ya wachezaji wenyewe ina thamani kubwa. Moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila msaada inapunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10.

Namna ya kufanya si ngumu. Mchezaji akianguka bila kuguswa na mtu, aitwe kwa sauti na kutikiswa mabega. Kama haitikii, na hapumui au anavuta pumzi za kukoroma zinazotokea mara moja moja, ihesabiwe kwamba moyo umesimama. Pumzi za namna hiyo si kupumua. Hata mitetemeko kama ya kifafa inaweza kuonekana katika sekunde za kwanza, na imewadanganya watu wengi.

Mtu mmoja atume gari au apige simu. Mwingine apige magoti kando ya aliyeanguka, aweke kiganja cha mkono katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, anyooshe viwiko na kukandamiza kwa nguvu na kwa haraka: mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kishuke sentimeta 5 hadi 6, kisha kiachwe kipande chote kabla ya kukandamizwa tena. Akichoka baada ya dakika 2, mwenzake ashike nafasi yake. Hawaachi mpaka mtu arudie kupumua au mpaka wakabidhi kazi kwa waganga. Mbavu zinaweza kulia au kuvunjika. Mbavu zitaungana, lakini mtu aliyekufa harudi.

Kuna mambo ambayo yanapoteza dakika hizo. Watu wanamwagia aliyeanguka maji usoni. Wengine wanamzunguka wakimpepea na jezi. Wengine wanapanua meno yake kwa kijiko au vidole wakiogopa atameza ulimi. Ulimi haumezwi, na vidole vinaweza kukatwa. Na kumtupa nyuma ya gari na kukimbia naye bila mtu yeyote kukandamiza kifua ni kumwacha afe njiani.

Misuli, magoti na kisigino

Vifo ni vichache; majeraha ndiyo ya kila juma. Kuanzia miaka ya 30 na 40, misuli inaanza kupungua, na kano zinapoteza ulaini wake. Mwili unakumbuka namna ya kupiga chenga, lakini msuli wa nyuma ya paja hauna tena nguvu ya kufuata. Hapo unachanika.

Jeraha linalowakamata hasa wanaume wa miaka 30 hadi 50 ni kukatika kwa kano nene ya kisigino. Mchezaji anaanza mbio, anasikia mlio na pigo nyuma ya mguu, anageuka kwa hasira akidhani amepigwa teke, na anakuta hakuna mtu nyuma yake. Akishindwa kusimama kwa ncha za vidole vya mguu huo, aende hospitali siku hiyo hiyo. Kano iliyokatika ikitunzwa mapema inaungana. Ikidhaniwa kuwa ni kuteguka na kukandwa miezi miwili, mtu anaweza kubaki akichechemea.

Viwanja navyo vina sehemu yao. Goma, mawe ya lava ya Nyiragongo yanafanya ardhi kuwa ngumu na yenye makali. Kwingine ni mashimo, ni matope ya mvua, ni mifereji iliyopita katikati. Dakika 5 za kuzunguka uwanja kabla ya mechi, kuokota mawe na vipande vya chupa na kuziba mashimo, zinalinda vifundo vya miguu kuliko bandeji yoyote. Mwenye goti linalouma achague nafasi isiyoomba kugeuka sana, na apunguze uzito wa mwili. Kila kilo inayopungua ni mzigo unaotoka kwenye goti katika kila hatua.

Juu ya kupasha mwili moto, FIFA ilitengeneza pamoja na watafiti wa Norway programu inayoitwa FIFA 11+. Inachukua dakika kama 20: dakika 8 za kukimbia polepole na kunyoosha viungo, dakika 10 za mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, na dakika 2 za kukimbia kwa mwendo wa mechi. Kwa vijana wanaoifanya mara kadhaa kwa juma, imepunguza majeraha kwa sehemu kubwa.

Lakini kwa maveterani kuna somo la kuchunguza. Watafiti wa Ujerumani waliijaribu programu hiyo katika timu za maveterani, na matokeo yakatolewa mwaka 2015. Kwa jumla, majeraha hayakupungua kwa namna ya kuonekana wazi, ingawa yale makali yalionekana machache katika timu zilizoifuata. Sababu waliyoitaja ni kwamba wachezaji hao waliifanya mara moja tu kwa juma, siku ya mazoezi. Msuli haujengwi kwa mara moja kwa juma.

Kwa hiyo kupasha mwili siku ya Mungu ni lazima, ila hakutoshi. Kazi kubwa inafanyika nyumbani: kusimama kwa mguu mmoja wakati wa kupiga mswaki, sekunde 30 kila mguu, kupanda kwa ncha za vidole mara 15 ukishika ukuta, kuchuchumaa na kusimama mara 10, kulala kifudifudi na kujiinua kwa viwiko sekunde 20. Dakika 10, mara 3 kwa juma. Hata akina mama wanaotembea au kukimbia pamoja asubuhi wanahitaji mazoezi hayo hayo, kwa sababu goti na kifundo cha mguu havitofautishi mchezo.

Baada ya jeraha: kukanda, kuchoma dawa, kurudi uwanjani

Makosa mengi yanafanyika katika siku 3 za kwanza. Mguu ukiteguka, mara moja mtu anamwagiwa maji ya moto, anakandwa kwa nguvu, anapewa bia ili asahau maumivu. Yote hayo yanaongeza damu inayovuja ndani na kuzidisha uvimbe. Kwa siku 3 za kwanza: hakuna moto, hakuna pombe, hakuna kukimbia, hakuna kukanda. Mguu ufungwe na bandeji isiyobana kupita kiasi, uinuliwe juu, na kitu cha baridi kiwekwe juu ya kitambaa kwa dakika 15 kupunguza maumivu.

Namna ya kujua kama inafaa kupiga picha ya mfupa ilielezwa na waganga wa Canada tangu mwaka 1992. Kama mtu hawezi kukanyaga hatua 4, pale uwanjani na tena mbele ya muganga, au kama anasikia maumivu akibonyezwa kwenye mfupa wenyewe wa pembeni wa kifundo, picha inahitajika. Kama anatembea na mfupa hauumi, mara nyingi si kuvunjika.

Dawa za farmasi nazo ziangaliwe. Diklofenaki na ibuprofeni zinauzwa bila maswali, na wachezaji wengine wanazimeza hata kabla ya mechi ili wasisikie goti. Lakini dawa hizo zinaweza kupandisha tension, kupunguza nguvu ya dawa za tension, kuumiza figo za mtu aliyekosa maji na kutoboa tumbo. Kwa mtu mwenye miaka 55 na tension, kidonge hicho si kidogo. Parasetamoli, kwa kipimo kilichoandikwa, kwa kawaida ni njia salama zaidi kwake, ila asichanganye na pombe. Na maumivu yaliyofunikwa kwa dawa yanamfanya mchezaji aendelee kukanyagia jeraha.

Kwa kichwa, hakuna mjadala. Mchezaji aliyegongwa kichwa akachanganyikiwa, akasahau matokeo ya mechi au akayumba, anatoka na harudi siku hiyo. Asilale peke yake usiku huo wala asiendeshe pikipiki. Akitapika, akizidi kuumwa kichwa, akilala kwa namna isiyo ya kawaida au akitetemeka mwili, aende hospitali bila kungoja asubuhi.

Vijana wa kuazimwa na kasiye ya bia

Sehemu ya majeraha inatoka katika namna mechi zinavyopangwa. Mechi ya kirafiki ikishapewa kasiye ya bia au mbuzi kama zawadi, urafiki unapungua. Timu inaazima vijana wa miaka 25, inawaita maveterani, na mzee wa 58 anakutana nao katika mpira wa kugombea. Hapo hakuna kupasha mwili kunakoweza kumlinda. Komite zinazokutana kabla ya mechi zinaweza kukubaliana umri, kugawa wachezaji kwa makundi ya 35 hadi 49 na ya 50 kwenda juu, kukataza kuteleza na kukata miguu, kufupisha vipindi na kuruhusu kubadilisha wachezaji bila hesabu.

Kwa wale ambao magoti yamekataa mbio, kuna mpira wa kutembea. Ulianzishwa mwaka 2011 mjini Chesterfield, Uingereza, kwa ajili ya watu waliopita miaka 50, na leo unachezwa katika inchi nyingi. Sheria yake ya kwanza ni kwamba hakuna kukimbia: mguu mmoja lazima uwe chini wakati wote. Kugongana kunakatazwa au kupunguzwa, na mpira haurushwi juu sana. Mchezo unabaki wa akili na pasi. Nusu saa ya mchezo huo kabla ya mechi ya wale wadogo ingewaacha wazee ndani ya timu, badala ya kuwaacha nje wakishika maji.

Bia ya baada ya mechi ni desturi, na hakuna muganga atakayeiondoa kwa hotuba. Lakini utaratibu unaweza kubadilika: maji lita moja kwanza, chakula pili, bia baadaye na kwa kipimo, na hakuna kurudi nyumbani ukiendesha pikipiki umelewa. Aliyeumia mguu au kichwa siku hiyo anakunywa maji tu.

Kufungua mfuko kabla ya kilio

Mengi ya mambo haya hayapiti uwezo wa timu. Kipimo cha tension kinachotumia betri kinauzwa katika farmasi za mijini, na bei yake haipiti ile ya kasiye chache za bia. Kinaweza kutumiwa na wanamemba wote kwa miaka. Daftari moja la timu, likiwekwa na mtu anayetunza siri, linaweza kuandika kwa kila mchezaji umri wake, tension yake ya kila mwezi, dawa anazomeza, na namba ya simu ya mke wake au mtoto wake. Timu nyingi zina muuguzi au muganga kati ya wachezaji wake. Anaweza kuombwa asubuhi moja afundishe wenzake kukandamiza kifua kwa kutumia mto au gunia la nguo. Dereva mmoja anaweza kuteuliwa kila siku ya Mungu, gari likiwa na mafuta na limeegeshwa likielekea njiani. Na sanduku dogo la bandeji, mkasi, glavu na sukari linaweza kukaa kando ya jagi la maji.

Hakuna kitu kati ya hivi kinachogharimu kama jeneza, turubai, viti vya kukodi na chakula cha siku tatu za kilio. Timu zimekwisha kuonyesha kwamba zinajua kuchanga na kubebana. Linalobaki ni kusogeza mchango huo mbele kidogo: kutoka makaburini hadi kando ya uwanja, kabla filimbi haijapigwa.

Siku ya Mungu inayokuja, veterani anayefika mapema dakika 20, akakaa kwenye benchi, akanyoosha mkono apimwe tension na kukubali kuambiwa «leo utakuwa kocha», hatakuwa ameshindwa. Atakuwa amejiwekea nafasi ya kucheza juma litakalofuata.